Julai ya Soy: Kuchangia Safari ya Marafiki kwa Simu Bila Kukosana

Mwezi wa Julai hauna sikukuu hata moja ya kitaifa. Madaraka imepita, Mashujaa bado, harusi nyingi zinangoja Agosti na Desemba, na baridi imekaza kuanzia Limuru hadi Kitale. Labda ndiyo sababu makundi mengi ya watu waliosoma chuo pamoja huuchagua mwezi huu kukutana. Stendi haina msongamano wa Krismasi, na ukiomba ruhusa kazini ya Ijumaa na Jumatatu hupigani na nusu ya ofisi.

Waliopitia Chuo Kikuu cha Moi, pale kampasi kuu ya Kesses, wanaijua baridi ya Uasin Gishu kuliko wanavyomjua mkuu wa kitivo chao. Ndiyo wanayoirudia. Wengine hukodi nyumba Eldoret, ambao umekuwa jiji tangu Agosti 2024. Wengine hupanda Iten kuangalia bonde la Kerio na wanariadha wakikata ukungu asubuhi. Sisi, watu tisa, huenda Soy kila mwaka.

Kama hupajui, panda gari la Kitale hapo Eldoret. Utafika Soy kabla ya Matunda na Moi's Bridge. Julai mahindi yamepita kichwa cha mtu, mvua inapiga mchana, na jioni hakuna anayekaa mbali na moto. Watu wa huko watakuambia pia kwamba twiga wa Rothschild waliopelekwa Lang'ata, Nairobi, miaka ya 1970, wale waliokuja kuwa chanzo cha Giraffe Centre, walitoka kwenye shamba la hapo Soy. Ni kweli. Kwa hivyo ukimlisha twiga Lang'ata siku moja, ujue kwao ni wapi.

Lakini kabla ya moto na nyama kuna miezi ya kuchanga pesa, na hapo ndipo safari nyingi hufia. Mara nyingi pesa ipo. Kinachokosekana ni mpango wa wapi ikae, nani aishike, na nini kitatokea mtu akibadilisha nia. Leo tuongee hayo. Tutatumia viwango na huduma za M-Pesa kama mfano kwa sababu ndiyo wengi wenu mliyo nayo mkononi.

"Tutume kwa nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza kwenye kila kundi la WhatsApp la safari, na jibu huja haraka mno: tumieni yule mwaminifu. Kila kundi lina mmoja. Ni yule ambaye chuoni alishika pesa ya kuchapisha kazi ya kikundi na akarudisha chenji hadi ya mwisho. Hakuna anayeuliza laini yake ya simu iko katika hali gani.

Na laini ndiyo ya kuulizwa kwanza. Sababu kubwa ni Fuliza. Tangu ilipoanza Januari 2019, wengi wetu tumeizoea: salio likipungua, muamala unapita, deni linabaki. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote itakayoingia kwenye laini yako inaenda kulipa deni hilo kwanza. Mfumo haujui kwamba hii elfu moja ni ya nyumba ya Soy na si mshahara wako. Unaona pesa imeingia, unajilipa.

Nikupe kisa cha kundi jingine, marafiki wa rafiki yangu, ambao nao walikuwa wanaelekea upande huu huu. Mweka hazina wao alikuwa mwalimu. Jumapili usiku mtoto aliugua, akalipa hospitali kwa Fuliza, deni likasimama 6,400 na kidogo. Jumatatu ndiyo ilikuwa tarehe ya mchango. Watu wakatuma elfu moja moja, kila mmoja anaweka meseji yake ya kuthibitisha kwenye kundi, wengine wanapiga makofi. Michango sita ya kwanza ilimezwa yote. Wa saba ukamezwa karibu nusu. Mwalimu akiangalia simu anaona mia tano na kitu, na kwenye kundi anasomewa pongezi za elfu saba.

Hakusema kitu. Alifikiri atairudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na kodi ya nyumba, na makato ya HELB, na mtoto bado anatumia dawa. Mwezi wa tatu mmoja wao akaomba tu kuona hesabu, kwa nia nzuri kabisa. Basi. Hakuna aliyeiba hapo, na pesa yote ililipwa baadaye, lakini maneno yaliyoandikwa kwenye kundi usiku ule hayana namba ya kurudishiwa. Safari haikufanyika. Mwalimu hayuko tena kwenye kundi hilo.

Angekuwa na laini tofauti ya safari, isiyo na Fuliza, mtoto angetibiwa vilevile na hayo mengine yasingetokea.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja. Pesa iliyo kwenye laini ya mtu, mbele ya sheria, ni mali ya mtu huyo. Akipatwa na jambo, Mungu aepushe, familia yake ndiyo itakayoifuata kwa karatasi za urithi. Nyinyi mtabaki na picha za meseji na aibu ya kudai pesa msibani.

Kwa hivyo mna njia tatu.

Ya kwanza ni akaunti ya kikundi benki, yenye watu wawili au watatu wa kuidhinisha kutoa pesa. Mnachangia kwa Paybill ya benki moja kwa moja kutoka kwenye simu, na hakuna mmoja anayeweza kuitoa peke yake. Kuifungua kuna kazi: vitambulisho, PIN za KRA, kumbukumbu za kikao, na kila benki ina masharti yake. Kwa kundi la watu ishirini, au pesa inayopita laki moja, kazi hiyo inafaa kufanywa.

Ya pili ni laini mpya inayotumika kwa safari tu. Usijiunge na Fuliza kwenye laini hiyo, usiombe mkopo wowote kwayo, usinunue hata bando kwayo. Mweka hazina anatoa taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi kupitia *334# au programu ya simu na kuiweka kwenye kundi bila kuombwa. Hapo kwenye "bila kuombwa" ndipo kuna siri yote. Taarifa inayokuja yenyewe ni taarifa. Inayokuja baada ya kuulizwa inaonekana kama utetezi. Na tafadhali msigawane PIN ati ndiyo muwe wawili wa kusimamia. PIN ikijulikana na wawili, pesa ikipungua hakuna anayeweza kuthibitisha si yeye. Kumbuka pia kwamba laini hii nayo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, kwa hivyo lile suala la urithi bado lipo. Msiache pesa nyingi ilale humo miezi mingi. Lipeni dipoziti mapema.

Ya tatu ni kila mtu ajiwekee mwenyewe hadi tarehe ya kulipa. M-Shwari inafaa hapa, kwa sababu kuhamisha pesa kati ya M-Pesa na M-Shwari hakukatwi ada. Ubaya wake unaujua: tarehe ikifika, nusu ya kundi wataanza kueleza.

Kwa kundi dogo kama letu naipendelea ya pili.

Hesabu ya ada ina maajabu yake

Tuchukue mfano. Watu tisa, kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi 9,000 kati ya Oktoba na Juni. Jumla ni 81,000. Swali: utume yote mara moja, au kidogo kidogo?

Kwa viwango vya kutuma vilivyoanza Julai 2023, kutuma 9,000 mara moja unakatwa 90. Kutuma 1,000 kila mwezi kwa miezi tisa, unakatwa 13 mara tisa, yaani 117. Tofauti ni shilingi 27 kwa mwaka mzima, bei ndogo sana kwa mtu asiye na elfu tisa za pamoja. Sasa angalia yule anayeona atakuwa mjanja, atume 3,000 mara tatu. Kila 3,000 inakatwa 53, na mara tatu ni 159. Ametuma mara chache na amelipa zaidi ya yule wa kila mwezi! Hii ni kwa sababu ada hupanda kwa ngazi, na ngazi ya 501 hadi 1,000 ni ya bei nafuu sana ukilinganisha na zile za juu yake.

Na ngazi hiyo inaishia 1,000 kamili. Ukituma 1,001 umeingia ngazi ya 23. Hapa ndipo ule uungwana wetu wa "tuma na ya kutoa" unapotugharimu. Unaongeza 29 za kutoa kwa wakala, unatuma 1,029, unakatwa 23 badala ya 13. Umetumia shilingi 39 zaidi, na pengine mweka hazina hata hataenda kwa wakala, atalipa nyumba moja kwa moja kwa simu. Watu tisa kwa miezi tisa ni miamala 81. Mara 39 ni shilingi 3,159. Pesa hiyo, kwa Soy, ni kuni na maziwa ya siku zote mtakazokaa.

Mkubaliane mapema: mchango ni 1,000 kamili, hakuna ya kutoa. Kama kweli itabidi kutoa taslimu kidogo, iingizwe kwenye bajeti ya safari mara moja.

Kila mtu na mwezi wake

Hapa makundi mengi hukosea kwa kupenda usawa. Yanasema: tarehe 1, kila mtu, elfu moja, asiyetuma atozwe faini. Sawa kwa mwenye mshahara. Lakini ukiwaangalia marafiki zako wa chuo miaka mitatu minne baada ya kufuzu, utaona hawapati pesa kwa kalenda moja.

Kwetu kuna walioajiriwa, ambao mshahara huingia mwisho wa mwezi. Kuna mmoja mwenye duka la simu, huyo pesa yake ni ya kila siku, na elfu moja ya pamoja inamuuma kuliko mia tano mbili. Mwachie atume 500 mara mbili kwa mwezi. Ada ni 7 kila mara, jumla 14. Amezidi kwa shilingi moja tu.

Kuna mmoja anayelima mahindi upande wa Ziwa. Mkulima wa Uasin Gishu hupanda mvua zikianza, Machi kuelekea Aprili, na kuvuna Oktoba na Novemba. Katikati pesa yote iko shambani, imekuwa mbolea na mafuta ya trekta. Kumdai elfu moja Mei ni kumdai mahindi yaliyo kwenye goti. Lakini akiuza, Desemba au Januari, anatuma 9,000 zote kwa mara moja, anakatwa 90, na anamaliza mwaka wake kabla yetu sote. Ukimwekea faini za Oktoba na Novemba utampoteza bure.

Na kuna wetu wa Doha. Yeye ndiye anayeupenda Julai kuliko sisi wote, kwa sababu huko kwao mwezi huo joto linapita nyuzi 40 na kazi za nje mchana hazifanyiki. Anakuja Soy kutafuta baridi kwa hamu ile ile watu wa hapa wanayoikimbia nayo. Yeye hutuma mara mbili kwa mwaka moja kwa moja kwenye laini ya safari, maana kutoka nje kila kutuma kuna ada yake na kuna bei ya kubadilisha pesa, na ukigawa vipande vidogo vidogo ada inakula. Akituma, tunaandika kiasi kilichofika kwa shilingi za Kenya, si alichotoa kule. Hilo mlielewane mapema.

Kwa wenye mshahara kuna msaada mzuri: M-Pesa Ratiba, iliyozinduliwa Oktoba 2024. Unapanga mara moja kwamba elfu moja itoke siku fulani ya kila mwezi hadi tarehe fulani, na simu inafanya yenyewe. Panga siku moja baada ya mshahara, si siku moja kabla. Na ukipanga, weka tarehe ya mwisho iwe Juni. Usipoiweka utajikuta Agosti bado unachangia safari uliyokwishaenda.

Kumkumbusha mtu asiyetuma ni sanaa. Mweka hazina wetu haandiki kwenye kundi. Anapiga simu: "Wakili, habari za kortini? Naona umebaki wewe na mwalimu." Anamtaja mwingine ili huyu asijione peke yake. Hufanya kazi.

Kulipa nyumba

Ulaghai wa nyumba za kukodi una sura moja. Picha nzuri, bei chini kidogo ya wengine, na haraka: "Boss wangu, kuna kundi lingine linaitaka wikendi hiyo hiyo, tuma dipoziti nikushikie." Namba ni ya mtu binafsi. Ukiuliza till, anakuambia imeharibika, au ni ya mke wake, au iko kwenye kusajiliwa.

Ukituma pesa M-Pesa, kabla haijaondoka unaonyeshwa jina la unayemtumia. Watu wengi hubonyeza bila kusoma. Soma. Kama umeambiwa nyumba ni ya mama fulani na jina linalotokea ni la kijana usiyemjua, simama hapo na upige simu uulize. Kwa Buy Goods jina linalotokea ni la biashara, na mteja hakatwi ada ya kulipa. Kwa Paybill inategemea: wengine wenye namba hubeba ada wenyewe, wengine hugawana na wewe, wengine hukuachia yote. Uliza kabla.

Njia bora kuliko zote haihusu simu. Mtu mmoja wa kundi anayeishi karibu aende aione nyumba. Sisi yule mkulima wetu hupitia hapo akienda mjini, anafungua bomba la maji ya moto, anahesabu blanketi. Julai ya Soy bila blanketi za kutosha si likizo. Baada ya yeye kusema sawa ndipo dipoziti inatumwa, na inayobaki tunalipa tukishafika. Usilipe yote kabla hujaona mlango.

Sasa, ukikosea namba? Tuma meseji yote ya muamala kwenda 456 mara moja, na hakuna haja ya kumpigia aliyepokea kubishana naye. Kama pesa bado iko kwenye laini yake, inaweza kuzuiwa wakati suala linaangaliwa. Lakini elewa kwamba huduma hii ni ya aliyekosea namba. Mlaghai hutoa pesa dakika chache baada ya kuipokea, na laini ikiwa tupu hakuna cha kurudisha. Hapo ni kuripoti polisi, na kuituma namba yake 333.

Siku za meseji nyingi

Mweka hazina yuko hatarini zaidi siku ile ile mambo yanapokwenda vizuri. Tarehe ya mchango simu inalia kila dakika, fulani ametuma, fulani ametuma. Kati ya meseji hizo nane za kweli, moja ya uongo hupita kirahisi. Imeandikwa vizuri, ina msimbo, ina kiasi, ina salio. Dakika mbili baadaye simu inaita, sauti ya unyonge: "Mama, samahani sana, nimetuma kwako kimakosa, ilikuwa ya dawa, nirudishie tu." Na mama, kwa huruma, anatoa pesa ya kundi.

Angalia imetoka wapi. Meseji ya kweli inatoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida ya simu. Kisha angalia salio lako mwenyewe kwa *334# au programu, usisome salio lililoandikwa kwenye meseji. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie huyo mtu atume ujumbe wake 456, arudishiwe kwa utaratibu. Mwenye haki hatapoteza kitu. Mwenye nia mbaya ndiye atakayeanza kukutukana.

Kuweka tarehe mbili za kuchangia badala ya moja pia kunapunguza mvurugano huu.

Anayejiondoa

Kila mwaka kuna mmoja. Kazi mpya, mimba, mgonjwa nyumbani, au amekosana na mtu na hataki kusema. Kanuni ya kumrudishia iandikwe Oktoba, wakati hakuna anayejua ni nani atakayejiondoa. Ikiandikwa Juni itakuwa ni kanuni dhidi ya mtu fulani.

Yetu iko hivi. Kabla dipoziti haijalipwa, unarudishiwa yote isipokuwa ada ya kukutumia. Baada ya dipoziti, unarudishiwa yote isipokuwa fungu lako la dipoziti, ukimpata wa kuchukua nafasi yako unarudishiwa hata hilo. Wiki ya mwisho, chakula kimeshanunuliwa, unarudishiwa kitakachobaki baada ya safari. Kuna aliyefiwa wiki ya mwisho miaka miwili iliyopita na tukamrudishia zote 9,000 bila kufungua kanuni yoyote, tukaongeza na za rambirambi. Kanuni haizuii kuwa na utu.

Mkishafika

Msitegemee wakala wa Soy awe na floti ya kutosha kundi zima likija kutoa pesa saa moja usiku, tena mvua ikiwa imekata umeme. Toeni taslimu Eldoret kabla ya kupanda gari, na mtoe mara moja. Kutoa 1,000 kwa wakala unakatwa 29, na ukirudi mara tatu ni 87. Kutoa 3,000 mara moja ni 52. Taslimu ni ya boda, mboga za barabarani na mama wa mursik. Ingawa siku hizi hata mama wa mursik ana Pochi la Biashara, na mara nyingi utamkuta nayo kabla ya kumkuta na chenji.

Mtu mmoja alipe kila kitu kutoka laini ya safari. Mkianza kila mmoja kulipa kidogo, huyu nyama, huyu gesi, huyu maji, Jumatatu mtaketi kwenye gari mnatafuta nani anadai nani mia tatu.

Mwaka jana tukimaliza zilibaki shilingi 640. Kwa tisa ni 71 kila mmoja, na kutuma hadi 100 hakukatwi kitu, kwa hivyo mweka hazina alimtumia kila mtu 71 zake kabla hatujafika Nakuru. Ilibaki shilingi moja, na bado iko kwenye laini.